Nani alitubeba? Juu ya picha za utoto na deni lake



Wenzetu wanaoandika katika vijitabu hivi wamezoea kutufundisha juu ya ndoa, matanga, majina na ngoma. Sisi leo tunaomba ruhusa ya kuongea juu ya kitu ambacho mtu anaweza kusema si mila hata kidogo: ile picha ya rangi ya mafuta inayotundikwa katika saloni, juu kidogo ya kabati la vyombo, na inayoonyesha utoto. Kila mtu wa Lubumbashi, wa Likasi ao wa Kolwezi anaijua. Kuna mto, kuna mingazi miwili, kuna nyumba ya nyasi na moshi unaopanda. Mama anatwanga. Mtoto yuko mgongoni, amelala, kichwa kimeangukia upande mmoja. Mbele kuna mtoto mwingine, uchi, anaoga katika beseni. Jua linazama, na jua lile halimalizi kuzama, kwa maana mchoraji ameliweka pale kwa siku zote.

Swali letu ni hili: picha ya namna hiyo ni ukweli ao ni uongo? Na kama ni uongo, ni uongo unaomuumiza nani? Zamani, tulipotoka katika chuo cha ualimu na diploma yetu mpya mkononi, tungejibu haraka sana. Tungesema kwamba sanaa haina kazi ya kuiga mambo jinsi yalivyo, na tungepita. Leo hatujibu haraka tena, juu ya jambo lililotokea katika jamaa yetu wenyewe. Tutalieleza kwanza, halafu tutafikiri pamoja.

Mama yetu alipofariki, miaka michache imepita, kaka yetu aliyekuwa na kazi nzuri Kolwezi alitaka kuacha ukumbusho. Foto ya mama ya wakati wa ujana wake hatukuwa nayo. Ile moja iliyokuwepo iliharibika kwa mvua. Basi kaka akamwita mchoraji wa mji wetu, akamwomba amchore mama kijana, na mtoto wa mwisho mgongoni. Mtoto ule ni sisi. Akamweleza vizuri: tulizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali yenye kupakwa chokaa, robine moja mwisho wa njia ambapo wamama walikuwa wakipanga ndoo tangu saa kumi na moja ya asubuhi, mbabula mbele ya mlango, na mbali kidogo ile shimini kubwa ya kiwanda na moshi wake. Mchoraji alisikiliza yote. Alitikisa kichwa. Alichukua nusu ya pesa.

Nyuma ya juma mbili alirudi na picha. Mto, mingazi miwili, nyumba ya nyasi, jua linalozama. Mama katika kitenge chekundu, mtoto mgongoni.

Mama yetu hakuishi kijijini hata mwezi mmoja. Yeye mwenyewe alizaliwa kambini. Lakini kaka hakukasirika. Alilipa nusu iliyobaki, akapiga misumari, na wamama wa kartye waliokuja kutusalimu walipoiona wakaanza kulia machozi ya kweli. Sisi tulimfuata mchoraji mpaka njiani, tukamuuliza juu ya nini hakuchora robine. Akatucheka kwa heshima: «Mwalimu, bantu banapendaka hivi. Robine, nani atalilia robine?»

Tuliona jibu lake ni la akili, na mpaka leo tunaliona hivyo.

Siku ya pili akaja dada yetu mkubwa, ambaye sisi wote tunamwita Yaya tu. Alitoka Likasi na mizigo yake, akakaa, tukala bukari na samaki, na muda wote ule alikuwa anaangalia ukuta. Halafu akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza saa: «Na miye niko wapi mu hii picha?» Kaka akataka kufanya mchezo: «We uko ndani ya nyumba, unalala.» Yaya hakucheka. Akasema: «Mama alikuwa ku soko. Njo miye nilikuwa namubebaka uyu mutoto.» Na akatuonyesha sisi kwa kidole, mwanaume mzima mwenye ndevu, mwalimu wa sekondari.

Ilikuwa kweli. Tulipozaliwa, mshahara wa baba ulikuwa umekwisha kupoteza nguvu, kama mishahara mingi ya Zaïre ya miaka ile. Mama akaanza kuuza sombe na samaki wakavu sokoni, na mtoto mchanga hangeweza kukaa sokoni toka asubuhi mpaka jua kali. Yaya alikuwa na miaka tisa, yuko katika mwaka wa nne wa masomo ya msingi. Walimwondoa. Walisema ni kwa muda. Muda ule ulifanya miaka miwili, na aliporudi darasani alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, wakamcheka, akaacha kabisa. Mpaka leo anasoma barua kwa shida, kidole chini ya kila neno. Sisi tuliobebwa ndio tuliosoma.

Hapa ndipo swali letu lilibadilika. Tulidhani kosa la picha ni mto na mingazi, vitu ambavyo havikuwako. Kumbe Yaya hakusema neno hata moja juu ya mto. Yeye aliuliza juu ya mtu ambaye alikuwako na sasa hayuko.

Mtu mwingine atatujibu: nyinyi wenyewe mnakumbuka nini? Ni neno la haki. Hakuna mtu anayekumbuka mgongo uliombeba. Wataalamu wa akili wanakubali kwamba watu wakubwa hawakumbuki karibu kitu cho chote cha miaka miwili ao mitatu ya kwanza. Agostino mtakatifu, aliyezaliwa mwaka 354 katika Tagaste, mji ulioko leo Algeria, aliona jambo hilo kabla yetu sote. Katika kitabu chake cha Maungamo anakiri kwamba utoto wake mchanga haukumbuki. Anaujua kwa kuambiwa na wengine na kwa kuwaangalia watoto wengine. Inamchokesha hata kuuhesabu kama sehemu ya maisha yake. Na tuangalie vizuri: anapoongea juu ya maziwa aliyonyonya, hamtaji mama yake peke yake. Anawataja pia wanyonyeshaji, wanawake wa nyumbani ambao majina yao hatuyajui. Mwafrika yule wa zamani, aliyemheshimu mama yake kuliko wengi, hakusahau kusema kwamba maziwa yalitoka kwa zaidi ya mmoja.

Basi utoto wetu mchanga si mali yetu. Ni ushuhuda wa watu wengine ambao tunauamini. Mtu anayetaka kuuchora anafanya kama hakimu: anachagua mashahidi. Kaka yetu alikuwa na miaka saba wakati ule, alikumbuka mama akirudi jioni na kutuchukua. Mchoraji hakuwako kabisa, lakini alijua wateja. Yaya ndiye alikuwa shahidi mkubwa, na hakuna aliyemwita.

Tunataka sasa kurudi nyuma kidogo, juu picha hizi hazikuanguka kutoka mbinguni, na mji wetu uko na historia yake katika mambo ya rangi. Mwaka 1946, Mfaransa mmoja jina lake Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, katika Elisabethville ya zamani, nyumba ya kuchorea iliyojulikana kwa jina la Hangar. Walipita pale wachoraji ambao majina yao yamefika mbali: Pilipili Mulongoy na ndege zake na samaki zake, Bela aliyechora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake myembamba. Mzungu yule hakutaka waige picha za Ulaya. Aliwaambia watafute ndani yao wenyewe. Ni shauri zuri, na lilizaa vitu vya ajabu. Lakini tunaona kitu cha kuchekesha kidogo: katika mji wa shaba, mji wa mabehewa, wa sirene ya kiwanda na wa posho inayopimwa kwa kilo, vijana wakachora pori, nyoka, swala, majani. Shimini haikuingia katika mioyo yao, ao ilikatazwa kuingia, ao haikununuliwa. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, na Pilipili na Mwenze wakaendelea kama walimu katika Akademia ya Sanaa ya mji, ambayo Laurent Moonens aliianzisha mwaka 1951.

Nyuma ya uhuru wakaja wachoraji wengine, wasiokuwa na akademia, wa mtaani. Walinyoosha kitambaa cha mfuko wa unga juu ya vijiti vinne, wakakipaka rangi nyeupe kwanza ili kisinywe sana, halafu wakachora kwa rangi yo yote waliyopata, hata ile ya milango. Wakabeba picha kichwani, nyumba kwa nyumba, baa kwa baa. Miaka ya 1970 walikuwa wengi. Picha ilikuwa bei ya watu, na mfanyakazi wa reli ao wa kiwanda aliweza kuinunua siku ya mshahara. Wateja wao walipenda aina chache tu: mambo ya bankambo, ndiyo kijiji na mto wake, mambo ya zamani, kama Waarabu na watumwa, ao ile picha inayoitwa Colonie belge, polisi anampiga mfungwa fimbo na Mzungu anaangalia, na mambo ya leo. Mamba muntu pia, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye wengine waliogopa kulala naye katika nyumba moja.

Jina la picha zile kwa kinywa cha watu lilikuwa ukumbusho. Hapa tunawaomba wasomaji wasimame kidogo na neno hilo. Ukumbusho si kukumbuka. Mtu anayekumbuka, anakumbuka peke yake, kitandani, akitaka. Ukumbusho ni kitu kinachomkumbusha mwingine, hata kama hataki. Ni neno lenye watu wawili ndani yake. Picha ya Colonie belge ilitundikwa pale pale jamaa inapokula, na mtoto akiuliza, «Baba, huyu wanamupigia nini?», baba hana njia: lazima aanze kusimulia. Picha inafungua kinywa. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora karibu mwaka 1973 na 1974 picha zaidi ya mia moja za historia ya inchi yetu, na kwa kila moja alieleza kwa Kiswahili chetu kile kilichotokea, mbele ya mtaalamu Johannes Fabian, ambaye baadaye alizitoa katika kitabu, mwaka 1996. Tshibumba hakujiita mchoraji tu, alijiona mwanahistoria. Alipotea karibu mwaka 1981, na hakuna aliyejua alikoenda. Picha zile ziko Amsterdam. Wanafunzi wetu hawajaziona isipokuwa katika vitabu, na vitabu vyenyewe ni ghali. Tuache hayo.

Tunachotaka kusema ni kwamba picha ya kijiji na picha ya fimbo zilitoka mkono mmoja, na mara nyingi zilikaa katika saloni moja, ukuta huu na ukuta ule. Mwenye nyumba hakuona kwamba zinapingana. Utamu upande huu, uchungu upande ule, na yeye katikati na sahani yake. Leo ukuta wa fimbo umetoka. Nyumba nyingi zilikwisha kuuza picha zao miaka ya shida, nyuma ya uporaji wa mwaka 1991 na yaliyofuata, na zile zinazochorwa sasa kwa jamaa ni za utamu tu: mama, mtoto, mto. Tunafikiri kwamba kosa liko pale. Picha tamu haikosei kwa kuwa tamu. Imekuwa mjane, mwenzake amekufa, na hakuna wa kumsahihisha.

Wengine wanatuambia kwamba utamu wenyewe ni uongo, na hapo tunakataa kwa nguvu. Tuko na wenzetu walimu, vijana wenye hasira, wanaosema: utoto wa kambini ulikuwa utoto wa watumwa, kuusifu ni upumbavu. Wanaleta sababu zao, na sababu hazikosi. Ni kweli kwamba mwanzoni makampuni ya migodi hayakutaka watoto. Yalitaka mikono ya wanaume, ije na irudi. Ilikuwa karibu na mwaka 1928 ndipo Union Minière ilianza kwa nguvu kuwaruhusu wafanyakazi kukaa na wake zao, juu iliona kwamba mtu mwenye jamaa anabaki kazini na mtoto anayezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho. Wakatokea wakunga, wakatokea mizani ya watoto wachanga, posho ya mama, masomo ya Wamisionari. Mtoto alipimwa kama vile jiwe la shaba linavyopimwa. Na ni kweli pia kwamba baba za watoto wale wale, waliposimamisha kazi Desemba 1941 kuomba mshahara, walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu. Tshibumba alichora hayo.

Sasa, wazee wetu wanajua mambo haya yote kuliko vijana. Na hata hivi wazee wale wale wanakwambia kwamba kampuni ilikuwa baba na mama. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu alikusanya maneno yao katika kitabu cha mwaka 2001, na alichagua kuwaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili tu baadaye, 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, na kambi zikaona giza. Mtu aliyepita katika giza lile, ukimwambia kwamba maziwa aliyokunywa mtoto wake yalikuwa hesabu ya Mzungu, atakujibu: ndiyo, na mtoto alikunywa. Maji ya robine yalikuwa maji. Mkono uliotushika ulikuwa wa moto. Kusema kwamba utamu haukuwa kweli kwa sababu ulilipiwa na jambo baya, ni kama kusema bukari haishibishi kwa sababu unga ulikopwa.

Lakini unga uliokopwa uko na mwenyewe. Hapo vijana wenye hasira wanapata tena nafasi yao, na tunawaachia.

Kwa hiyo hatuulizi tena kama utoto ulikuwa mtamu. Tunauliza utamu ulitoka katika mfuko wa nani. Katika kambi, sehemu moja ilitoka katika mapafu ya baba. Sehemu nyingine ilitoka katika vidole vya mama vyenye harufu ya samaki. Na sehemu moja, ambayo hatukuihesabu hata siku moja, ilitoka katika daftari la msichana wa miaka tisa. Mama katika picha ya mchoraji anastahili machozi yote aliyopewa, hatumnyang'anyi. Lakini kila mtu aliyekulia kwetu anajua mgongo wa utoto wake mara nyingi haukuwa wa mama. Ulikuwa mgongo mwembamba, wenye mifupa, wa dada, wa shangazi mdogo, wa binti aliyeletwa kutoka kijijini «kwa kusaidia». Ukitembea leo katika Kenya, Katuba ao Ruashi saa nne ya asubuhi, siku ya masomo, hesabu wasichana wadogo wenye mtoto mgongoni. Na hesabu pia ni picha ngapi umeona zinazowaonyesha.

Jambo hilo si la Afrika peke yake, tusijipige sana. Wazungu nao walipenda kuchora utoto kwa rangi ya mafuta, hasa katika karne ya 19. Mmarekani Mary Cassatt, aliyeishi Ufaransa, alichora wamama na watoto maisha yake yote, na yeye mwenyewe hakuzaa. Mwenzake Mfaransa Berthe Morisot alichora mwaka 1872 ile picha maarufu ya kitanda cha mtoto: dada yake Edma anaangalia mtoto wake mchanga akilala nyuma ya pazia jeupe. Nzuri sana, na utulivu wake unaingia mpaka ndani. Lakini sisi tunapenda zaidi nyingine yake, ya karibu na mwaka 1880, ambayo haitundikwi sana katika kalenda. Pale Morisot alichora mtoto wake mwenyewe, Julie, akinyonyeshwa na mwanamke mwingine aliyelipwa kwa kazi hiyo, Angèle. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mama amesimama na burashi, anafanya kazi yake ya kuchora. Mwanamke mwingine amekaa, anafanya kazi yake ya kunyonyesha. Na mtoto ni mmoja katikati ya kazi mbili. Morisot angeweza kumwondoa Angèle, kujiweka yeye mwenyewe pale kwenye kiti, na hakuna mnunuzi angelalamika. Hakufanya hivyo. Wala picha yake haikuwa chungu kwa sababu hiyo. Majani ni ya kijani, mwanga unaruka kila mahali. Iko tamu, na iko na mwenye deni na mwenye kudai, wote wawili.

Na karibu yetu zaidi, mwana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alifanya kitu cha namna hiyo bila rangi: mwaka 2006, katika kazi aliyoiita Mémoire, alichukua foto za viwanda vilivyobomoka akaweka juu yake watu wa foto za zamani za ukoloni, wafanyakazi wenye minyororo, mabwana wenye kofia. Mtu anayeangalia mabomoko na kulilia zamani anakuta zamani yenyewe imesimama mbele yake, inamwangalia. Hatusemi kila jamaa itundike hiyo saloni. Tunasema tu kwamba imewezekana.

Mila yetu wenyewe inasema nini? Tunaona kwamba bankambo walikuwa na haya ya kumwacha mtoto bila mashahidi. Mtoto akizaliwa anapewa jina la mtu, na toka siku ile kuna majina wake, mzee ao marehemu, ambaye mtoto anamwakilisha. Hata mama anayemnyonyesha anaweza kumwita «nkambo». Katika fikira hiyo utoto si bustani iliyofungwa ambamo mtu alikuwa peke yake na furaha yake. Tangu kuzaliwa yuko na hesabu na wengine. Na mtu akipata kazi, mshahara wake wa kwanza hauli. Anaupeleka kwa wazazi, wanaugusa, wanambariki. Sisi tulifanya hivyo. Tulipeleka bahasha kwa baba na mama, tukapiga magoti. Yaya alikuwa palepale mlangoni, na mtoto wake mgongoni. Alipiga vigelegele. Haikutuingia katika akili, wala ya mtu ye yote nyumbani mule, kwamba bahasha ingeweza kugawanywa.

Kwa nini haikutuingia? Labda kwa sababu dada anayebeba anaonekana kama sehemu ya nyumba, kama vile ukuta. Labda pia kwa sababu kumtaja ingekuwa kuwashitaki wazazi, na wazazi walikuwa hawana njia nyingine. Tunaliona vizuri jambo hilo la pili, na linatuogopesha. Mtu hawezi kusema «Yaya alinibeba» bila kusikia nyuma yake «na mama alimwondoa masomoni». Picha ya mto na mingazi inatuokoa na sentensi hiyo. Pengine ndiyo sababu inauzwa. Lakini hatuoni kwamba ukweli mmoja unaua mwingine. Mama alimwondoa, na mama aliamka saa kumi ya usiku kwenda kuchukua samaki ili wote wale. Mtoto mwenye miaka arobaini na zaidi anapaswa kuwa na nguvu ya kushika mambo mawili katika mikono miwili.

Mwenzetu mmoja, tulipomweleza haya, alisema kwamba leo swali limekwisha, kwa sababu ya telefone. Kila mtoto anapigwa foto mia tano kabla ya kutembea. Hakuna atakayehitaji mchoraji wala mashahidi. Hatumwamini. Foto zile tumeziangalia. Mtoto amevalishwa, anacheka, nyuma yake kuna keki. Anayeshika telefone haonekani, na anayefua nguo zile haonekani pia.

Tulimwendea mchoraji tena. Tulimwomba aongeze msichana wa miaka tisa, na amtoe mtoto kwa mama na kumweka kwake. Alikuna kichwa. Alisema nafasi hakuna, isipokuwa afute mngazi mmoja. Tukamwambia afute. Alisema mama akibaki bila mtoto atakuwa anafanya nini na mikono? Tukamwambia ampe beseni ya samaki kichwani, anaondoka, mgongo wake unaonekana. Akafikiri muda mrefu, akaanza kupenda, hata akasema kwamba hajawahi kuchora mama anayeondoka. Robine alikataa kabisa. Mto ulibaki. Alipomaliza, msichana alikuwa mkubwa kidogo kuliko inavyopaswa na miguu yake imezama katika majani, kwa sababu pale chini kulikuwa shina la mngazi na rangi ya zamani haikukubali kufunikwa vizuri. Kaka alisema ni picha iliyoharibika. Sisi tuliilipia mara ya pili.

Yaya alikuja kuiona wakati wa likizo ya Pasaka, pamoja na binti yake wa mwisho. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kama vile wanavyosimama watu katika kanisa. Akasema kitenge cha mama hakikukuwa chekundu, kilikuwa cha bulu na maua. Akauliza mchoraji alichukua pesa ngapi kwa kazi ile. Tulipomtajia bei, akageuka, akatuangalia sisi, halafu akamwangalia binti yake, aliyekuwa katika mwaka wa tatu wa sekondari na ambaye walikuwa wamemfukuza darasani tangu juma mbili kwa sababu ya minervali.

«Ile pesa,» akasema, «ingalimaliza mwaka wake.»

Tulienda kulipa siku ya kwanza ya kazi.